AFYA YETU: Ndoo niliyoingoja na kibuyu cha bibi



Safari iliyopita tulizungumza juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hukutegemea kulikuta katika ukurasa wa afya. Jambo hilo ni ubunifu.

Ubunifu ni nini? Ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Au ni kukitumia kitu cha siku zote kwa njia mpya, ili shida fulani ipungue. Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya mafundi na wasomi. Mimi ni mkulima wa alizeti na uwele. Yananihusu nini?" Hata mimi niliwaza hivyo. Nilikuwa na cheti cha uganga, nikadhani ubunifu hutoka mjini ukiwa umefungwa katika boksi. Ngoja nikueleze jinsi nilivyoaibika.

NDOO YA KOKI

Nilipopangiwa kazi katika zahanati ya kijiji hiki, hapa mkoani Singida, nilikuwa na koti jeupe jipya na maneno mengi. Siku ya kliniki akina mama walikuja na watoto wao. Tuliwapima uzito, tukawachanja, nami nikasimama chini ya mwarobaini kuwafundisha. "Naweni mikono kwa sabuni mtokapo chooni! Naweni kabla ya kumlisha mtoto!" Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Tunawie wapi, daktari?"

Nilitazama huku na huku. Choo cha zahanati kilikuwepo, kizuri tu. Pa kunawia hapakuwepo. Nikamjibu, "Ndoo ya koki inakuja." Kweli nilikuwa nimeandika barua kuomba ndoo hiyo. Nikangoja. Nikaandika barua ya pili. Nikangoja tena. Miezi 8 ilipita. Kila kliniki nilihubiri juu ya kunawa mikono mahali ambapo hapakuwa na tone la maji. Watoto wenye kuhara hawakupungua.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Mama wa mtoto alikuwa kibaruani, mbali na hapa. Mtoto huyo aliletwa kwangu mara tatu katika miezi mitano, kila mara anahara. Mara ya tatu bibi hakusema mengi. Alikaa kwenye benchi akikitazama kile choo.

Kliniki iliyofuata alifika mapema kuliko watu wote. Alikuja na kibuyu kikuukuu. Akakitundika kwenye tawi lenye panda karibu na mlango wa choo. Kibuyu kilikuwa na tundu dogo chini, limezibwa kwa kijiti. Bibi alichomoa kijiti, maji yakachuruzika, akanawa. Akarudisha kijiti, maji yakakoma. Akanitazama.

Nami nilisema nini? Naona haya kuandika, lakini nitaandika. Nilisema, "Bibi, hapa ni zahanati, si jikoni. Wakija wakubwa kukagua watatucheka. Ngoja ndoo ije."

Bibi akakifungua kibuyu chake. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye mti. "Sawa, mjukuu wangu," akasema, akamshika mtoto mkono, akaenda zake.

Hakurudi mwezi uliofuata. Hakurudi na mwezi wa pili. Nilipopitia daftari la kliniki niliona kwamba mtoto yule alikuwa ametimiza miezi 18, na chanjo yake ya pili ya surua ilikuwa imepita siku zake. Ndipo nilipostuka. Nilikuwa nimekataa kibuyu, na pamoja na kibuyu nilikuwa nimemfukuza mtoto. Bahati njema surua haikupita kijijini miezi ile. Ingepita, ningemwambia nini mama yake?

Nikaenda nyumbani kwa bibi kwa miguu, saa kumi jioni. Kabla sijapiga hodi nilikiona kile kibuyu. Kimetundikwa nje ya choo chake cha nyasi. Chini yake ardhi ilikuwa mbichi, na mchicha ulikuwa umeota mahali maji yanapodondokea. Watoto wa jirani watatu walikuwa wakigombea zamu ya kuchomoa kijiti. Yule mjukuu alikuwa miongoni mwao, akicheka.

Niliomba radhi. Bibi alinipa kigoda nikae. Nikamwuliza, "Bibi, akili hii uliipata wapi?"

Akasema, "Maji haya nayabeba kichwani, mjukuu wangu. Kiangazi tunachimba mchangani, tunakaa tukingoja yajae bakulini. Sasa nikimwona mtoto anamwaga kikombe kizima kuosha vidole viwili, roho inaniuma. Na nikimwacha asinawe, anahara. Jambo hilo lilinisumbua usiku na mchana. Siku moja kibuyu changu cha maziwa kikatoboka. Nilikuwa nakwenda kukitupa. Nikaona maji ninayokisuzia yanatoka kidogo kidogo. Nikasema, kumbe!"

Mtoto alipata chanjo yake wiki ile ile.

KIJANA ALIYEULIZA SWALI

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka habari ya Mtanzania mmoja ambayo tulisimuliwa shuleni. Aliitwa Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu, yaani maziwa yenye sukari yaliyogandishwa. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akayaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Mwenzake mmoja aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baadaye walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda. Ya mwenzake yalikuwa bado.

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungekula aiskrimu tukaenda zetu. Mpemba aliuliza: kwa nini ya moto yameganda kwanza? Mwalimu wake akamwambia kwamba amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Huko nako akachekwa, mwalimu na wanafunzi wakawa wanamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Siku moja alifika shuleni hapo mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Alisema atakwenda kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam alijaribu. Mwaka 1969 wote wawili waliandika juu ya jambo hilo katika jarida la fizikia. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi wanabishana juu yake, wengine wanakubali na wengine wanakataa. Lakini wote wanaliita kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe baadaye alifanya kazi ya kutunza wanyama pori.

Niliposimuliwa habari hii shuleni nilimcheka yule mwalimu. Usiku ule niliona kwamba mimi ndiye mwalimu yule.

Tazama basi jinsi Mpemba na bibi wanavyofanana. Hakuna aliyekaa chini akasema, "Sasa nitabuni kitu." Mmoja aliona jambo la ajabu, hakuliacha lipite. Mwingine aliumizwa na maji yanayomwagika, hakuizoea shida hiyo. Mimi nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa napita mbele ya choo kisicho na maji kila siku, na macho yangu hayakukiona tena.

TENGENEZA CHAKO

Kitu alichotengeneza bibi huitwa kibuyu chirizi. Yeye hakuwahi kulisikia jina hilo. Kinatumika katika mikoa mingi ya Tanzania na nchi za jirani, na huko Zimbabwe pia kibuyu kimetumika namna hiyo. Hilo halipunguzi akili ya bibi. Watu wawili wenye shida moja huweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili.

Kama huna kibuyu, tumia dumu la mafuta ya kula la lita 5. Lioshe vizuri. Pasha msumari moto, utoboe tundu dogo upande wa mbele, karibu na shingo ya dumu. Simika miti miwili yenye panda, uweke mti wa tatu juu yake ulalie. Pitisha mti huo katika mkono wa dumu, dumu lining'inie. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, na ncha ya pili ya kamba uifunge kwenye kijiti kinacholala chini. Hicho ndicho kanyagio. Jaza maji, lakini yasifike kwenye tundu. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchuruzika. Ukiondoa mguu, dumu hurudi na maji hukoma. Mkono wako mchafu haugusi kitu. Tundika na sabuni, uitoboe katikati uipitishe kamba. Kama sabuni imekwisha, majivu safi ya jikoni yanafaa kwa muda.

Weka mawe au kokoto chini ili pasiwe na tope. Au fanya kama bibi, panda mchicha. (Mimi nilipanda mpapai. Mbuzi wa jirani aliuona kabla yangu.)

Maji hayo machache yatumie kuosha na nyuso za watoto. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, au vikope, hupenda mahali pakavu kama kwetu. Inzi hufuata tongotongo katika macho ya mtoto, hupeleka ugonjwa kwa mtoto mwingine, na mtu aliyeugua mara nyingi tangu utoto huweza kupofuka ukubwani. Jirani zetu wa Kongwa, mkoa wa Dodoma, walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 1995. Watoto walitiwa dawa ya macho. Katika baadhi ya vijiji wazazi walikutana pia, wakajadiliana namna ya kuosha nyuso za watoto wao. Katika vijiji hivyo trakoma kali ilipungua zaidi. Kumbuka kwamba Kongwa nako maji ni shida.

Sasa fanya jaribio hili pamoja na watoto wako. Kabla ya kuanza, kila mtu ataje: lita 1 ya maji itaosha nyuso ngapi? Andikeni majibu chini kwa kijiti. Kisha osheni, mkihesabu. Mtashangaa.

WAZO HUTOKA WAPI?

Wengine wameniuliza, "Daktari, mimi mbona siwazi kitu? Kichwa changu kitupu." Hakuna kichwa kitupu. Kuna kichwa kilichochoka. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji, akatwanga, akalima, akapika, akalala saa tano usiku, ana nafasi gani ya kuwaza? Baba, hapo nasema na wewe. Beba dumu moja. Chukua jembe lake siku moja. Mtu aliyelala vizuri na kula vizuri, ugali na mlenda na maharage pia, huona mambo ambayo mchovu hayaoni. Na pombe haileti wazo. Huleta maneno mengi tu, na asubuhi hayakumbukwi.

Jambo la pili ni kalamu. Wewe unayesoma ukurasa huu umejifunza kusoma na kuandika. Usiiache kalamu ilale. Chukua daftari, hata kuukuu la mtoto. Kila jioni andika jambo moja lililokusumbua siku hiyo. Sentensi moja inatosha. "Moshi umeniumiza macho." "Kuku wamekunywa maji ya mtoto." "Chandarua kimetoboka upande wa miguuni." Baada ya wiki mbili lisome daftari lako. Utaona jambo moja linajirudia. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Mimi ninalo daftari kama hilo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Nimemfukuza bibi."

Jambo la tatu ni watoto. Mtoto wako akitengeneza gari la kopo na waya, usimwambie anacheza upuuzi. Akiliweka magurudumu ya kandambili, tazama alivyofanya, muulize. Mtoto anayecheza hujenga akili na mwili. Mwondolee makopo yenye makali na vyombo vilivyowekwa dawa ya shamba. Mengine mwachie.

Pengine umewahi kuona picha za rangi kali za ndege na wanyama zinazoitwa Tingatinga. Jina hilo ni la Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, kutoka Tunduru. Alihamia Dar es Salaam kutafuta kazi, na kwa muda alikuwa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hakusoma shule ya uchoraji. Hakuwa na vifaa vya wachoraji. Alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya kupaka baiskeli, akachora alichokipenda. Alifariki mwaka 1972, lakini watu wengi hadi leo wanapata riziki kwa uchoraji huo. Namtaja kwa sababu alikuwa mtu wa hospitali kama mimi, na kwa sababu ya ile rangi ya baiskeli.

Na uwaulize wazee wako juu ya mwaka 1973. Mwaka huo ilikuwepo kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi vya kisomo, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Redio ilieleza ugonjwa. Kikundi kilijadiliana chenyewe na kuamua kifanye nini kijijini kwake. Walichimba vyoo vingi sana, wakafyeka na kufukia madimbwi, kwa majembe yale yale ya shambani.

MAHALI AMBAPO USIBUNI

Sasa nisikilize vizuri. Yapo mambo ambayo hayataki ubunifu hata kidogo.

Dawa ni mojawapo. Usiongeze vidonge ili upone haraka. Usipunguze ili vingine uviweke akiba. Usimpe mtoto nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Usitie machoni maji ya majani, mkojo wala unga wa kidonge. Nimeona jicho lililokuwa jekundu tu, likapata kidonda kwa sababu ya dawa ya kubuni.

Kipimo pia hakibuniwi. Mtoto akihara, mpe maji yenye chumvichumvi za pakiti, ile iitwayo ORS, na umlete zahanati apewe na vidonge vya zinki. Kama pakiti haipo na zahanati iko mbali, anza kutengeneza nyumbani. Chukua maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1. Tia sukari vijiko 6 vidogo vya chai, vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Tia chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Koroga mpaka viyeyuke. Mnywesha kidogo kidogo. Usizidishe chumvi, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akiwa na damu katika choo, akitapika kila kitu, akilegea au macho yakidumbukia ndani, usingoje. Mlete mara moja, hata usiku.

Kuhusu kupima lita 1 unaweza kutumia akili yako. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita 1. Bibi amechora alama kwa mkaa ndani ya sufuria yake moja, akanifuata nimhakikishie kwa chupa zangu. Alikuwa amekosea kidogo. Tulirekebisha alama pamoja.

NDOO ILIFIKA

Utauliza, ile ndoo je? Ilifika mwezi wa tisa. Ilikuwa nzuri, ya bluu, ina koki nyeupe. Mwezi wa kumi mtoto alining'inia kwenye koki, ikavunjika. Sasa tunawekea sabuni za kufulia.

Karibu na choo cha zahanati kuna vibuyu viwili na dumu moja. Kibuyu cha kwanza alikileta bibi kwa mkono wake, baada ya mimi kumwomba mbele ya akina mama wote siku ya kliniki, kwa sababu nilimkataza mbele yao. Dumu lililetwa na vijana wa darasa la sita. Walibadilisha kanyagio, wakaweka kipande cha tairi ili kisiteleze. Sikuwafundisha. Nyumba kumi na moja upande wa mashariki wa kijiji zina vibuyu vyao, nimezihesabu mwenyewe nikipita. Upande wa magharibi bado, na huko ndiko ninakoishi mimi.

Bibi sasa ameanza kunisumbua kwa jambo jingine. Ni moshi wa jikoni. Anasema mjukuu anakohoa kila jioni wakati wa kupika, na amechoka kupuliza moto kwenye mafiga. Amekwisha kukusanya udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa, anataka kufinyanga jiko lenye mlango mmoja wa kuni na tundu la kutolea moshi nje. Jumamosi nitakwenda kumsaidia kukanyaga udongo. Ameniambia nije bila viatu.